NANI ALIYETIA NENO "LAKINI"?

Wasomaji wetu wanaosafiri kwa reli ya kati wanaijua Tura. Ni stesheni iliyo upande wa mashariki wa Tabora, pale msafiri atokaye pwani anapojiambia kwamba sasa amekwisha kuingia Unyamwezi. Zamani za misafara mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857 pamoja na mwenzake Speke, aliandika kwamba jina lenyewe maana yake ni "tua", yaani tua mzigo. Kwa kuwa wapagazi waliokwisha kulivuka pori la Mgunda Mkali, kila mmoja na frasila zake mbili begani, hapo ndipo walipopata maji, chakula na watu wa kuzungumza nao. Mwezi uliopita nasi tulitua hapo, ingawa mzigo wetu ulikuwa mkoba wa vyombo vya Misa tu.

Tulikuwa tumeitwa kufungisha ndoa. Siku mbili kabla ya arusi tuliketi uani kwa wazazi wa bibi arusi, nao wanawake walikuwa wakichambua mchele na kutaniana kama ilivyo desturi. Bibi yake mzaa mama, mzee ambaye macho yake yamekwisha kufifia, alitugeukia akasema kwa furaha: "Padre, umemwona mjukuu wangu? Ni mweusi, lakini mzuri." Watu wakacheka kwa wema, wala hapakuwa na hata mmoja aliyedhani kwamba neno baya limesemwa. Lakini msichana alijifunika uso kwa kanga yake. Alipojifunua tuliona jambo ambalo bibi, kwa udhaifu wa macho yake, hakuliona: uso ulikuwa na rangi ya embe linaloanza kuiva, na vifundo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi kama alivyovijalia Mungu.

Baadaye, tulipokuwa tukimwandaa kwa sakramenti, tulimwuliza: "Mwanangu, unapaka nini?"

"Mkorogo, Baba. Majuma matatu tu."

"Nani aliyekuagiza? Mchumba wako?"

"Hapana, Baba. Yeye hajasema kitu."

"Mama yake? Dada zake?"

Akafikiri kitambo kirefu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Hakuna aliyeniagiza, Baba," akasema.

Kisha akatueleza habari ya kadi. Walikuwa wamepiga picha mjini kwa ajili ya kadi za mwaliko. Na fundi wa picha, pasipo kuulizwa wala kuuliza, akaing'arisha sura ya binti katika mashine yake, kwa maana ndivyo wateja wake wote wanavyopenda. Kadi zikachapwa, zikapelekwa hata Dar es Salaam kwa jamaa za bwana arusi ambao hawajapata kumwona huyo msichana kwa macho. "Sasa watakuja, Baba, nao wataona kwamba siye yule." Basi binti huyo alikuwa akijipaka dawa ili afanane na picha yake mwenyewe.

Jibu lake, kwamba hakuna aliyemwagiza, limekaa nasi tangu siku ile. Hatuamini kwamba alidanganya. Twaamini kwamba walioagiza ni wengi mno, na wa tangu zamani mno, hata mtoto wa watu hawezi tena kumtaja hata mmoja.

Tulianza kulichunguza lile neno dogo la bibi. Mweusi, lakini mzuri. Nani kati yetu amepata kusikia mtu akisifiwa hivi: ni mweupe, lakini mzuri? Neno "lakini" ni bawabu. Huwekwa mlangoni pale tu panapodhaniwa kwamba anayekuja hakualikwa.

Wenye kusoma Maandiko Matakatifu watakumbuka kwamba neno hilo hilo limeleta maswali katika kitabu cha Wimbo Ulio Bora. Katika sura ya kwanza yule bibi arusi ataja weusi wake na uzuri wake kwa pumzi moja. Kwa Kiebrania mambo hayo mawili yameunganishwa kwa herufi moja tu, iitwayo wau, ambayo yaweza kusomwa "na", na yaweza kusomwa "lakini". Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki, kabla ya kuja kwake Kristu, waliandika "na". Mtakatifu Yeronimo, alipotafsiri kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, aliandika "lakini". Na Kanisa la nchi za magharibi likaimba na kuhubiri kwa Kilatini hicho kwa zaidi ya miaka elfu. Hatumlaumu Mtakatifu, maana herufi yenyewe yaruhusu. Hata hivyo, tulipokuwa seminari kuu tulijifunza sarufi hiyo kama jambo la mtihani tu, wala haikutupitia moyoni kwamba siku moja tutaikuta imekaa uani huko Tura, ikichambua mchele.

Tena bibi arusi yule wa Maandiko aeleza weusi wake umetoka wapi. Jua limemchoma, kwa sababu ndugu zake wa kiume walimtuma kulinda mashamba yao ya mizabibu. Wanawake wa kwetu wanaoinamia tumbaku na mahindi tangu alfajiri hawana haja ya padre kuwafasiria maneno hayo. Huenda hapo ndipo penye mzizi wa jambo: kuchomwa na jua ni alama ya kutumwa, na asiyechomwa na jua ni yule mwenye watu wa kuwatuma. Mahali pengi duniani, hata kule ambako watu wote ni weupe, mwanamke wa tajiri alijikinga jua ili asifanane na mwanamke wa mkulima. Kwa hiyo anayeitamani ngozi nyeupe mara nyingi haitamani ngozi. Anatamani kuketi kivulini, na nani atamlaumu?

Wapo watakaosema kwamba tamaa hizi zote zimeletwa juzi na simu na sinema. Sivyo. Pale pale Tura zilipita miaka mia moja na sitini iliyopita, zimefungwa katika magunia. Tunasema juu ya shanga. Kila msafara uliotoka pwani ulibeba shanga zilizotengenezwa hasa Venice, nchi ya Italia, na nguo za pamba kutoka Marekani, ambazo hadi leo twaziita merikani. Shanga nyekundu ziitwazo samisami zilikuwa na majina mengine pia, na Burton aliyaandika: moja lilikuwa na maana ya kimaliza-chakula, na jingine kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyozipenda. Majina hayo, bila shaka, waliyatunga wanaume waliotakiwa kuzinunua.

Lakini hapa pana jambo ambalo twataka binti zetu walijue. Huyo mfanya biashara hakuwa bwana. Henry Stanley, alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwa safari ya kumtafuta Livingstone, alitaabika sana kwa ajili ya shanga. Aliambiwa ya kuwa samisami zapendwa Unyamwezi, ambako nyingine zitakataliwa. Kwamba nyeusi zapokelewa Ugogo, na kwingineko hazina thamani hata kidogo. Kwamba zile kubwa mfano wa yai zatakiwa Ujiji, na nyeupe zapendwa Ufipa, bali Ukonongo hudharauliwa. Aliyekosea hesabu hiyo alifika bara na magunia yaliyojaa kitu kisichoweza kumpatia hata kibaba cha unga. Fikirini, wasomaji wapenzi: mafundi wa Venice, matajiri wa Unguja, mzungu na fedha zake, wote wakingojea kusikia mwanamke wa kijiji atasema nini akitikisa kichwa chini ya mti. Akikataa, imekwisha. Wauzaji wa leo hawatungojei hivyo, nasi hatujui kama ni wao waliojifunza kutushinda au ni sisi tuliosahau kutikisa kichwa.

Wala tusizisifu mno siku zile. Shanga na nguo hizo hizo zilinunua pembe za ndovu, zikanunua na watu. Pengine samisami zilizong'aa shingoni mwa mwanamke mmoja zilikuwa sehemu ya bei ya mwanamke mwingine, aliyepita Tura akielekea pwani, mti wa utumwa shingoni mwake.

Speke alirudi katika nchi hizi mara nyingine, akapita Tabora mwaka 1861, ambayo siku hizo wasafiri waliiita Kazeh, akaendelea kaskazini mpaka Karagwe kwa mfalme Rumanika. Huko aliona kipimo kingine cha uzuri. Wanawake wa jamaa ya mfalme walinyweshwa maziwa tangu utotoni ili wanenepe, hata wengine hawakuweza kusimama kwa miguu yao. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 asimulia jinsi alivyompima shemeji wa mfalme kwa uzi wa kupimia: mkono, kifua, paja, muundi, akaziandika inchi zake zote. Na wakati huo huo, asema, binti wa mama huyo, msichana wa miaka 16, aliketi pale amekishika kibuyu cha maziwa mdomoni, na baba yake ameketi karibu naye, fimbo mkononi.

Tumeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara macho yetu yanakwenda kwenye fimbo. Uzuri wa Karagwe ulikuwa na maana yake: palipo maziwa ya kutosha kumnenepesha binti pana ng'ombe wengi, na palipo ng'ombe wengi pana heshima. Unene ule ulikuwa ni mali ya baba iliyohifadhiwa katika mwili wa mtoto. Na msomaji asiwacheke watu wa Karagwe. Huko Uingereza, alikotoka mwenye uzi wa kupimia, wanawake wa matajiri siku zile zile walibanwa viuno kwa vazi lililoshonewa mifupa ya nyangumi, mpaka wengine wakazimia kwa kukosa pumzi. Speke hakuona haja ya kumpima mtu huko kwao.

Basi, katika zama moja, mmoja alijazwa na mwingine alibanwa, na hakuna hata mmoja wa hao wawili aliyekuwa ameshika fimbo au kamba mwenyewe.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, ambaye Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, aliyajua mambo hayo katika nyama ya mwili wake. Alipokuwa mtumwa huko Sudani, bibi aliyemmiliki aliagiza mwili wake uchanjwe kwa wembe. Michoro ikachorwa kifuani, tumboni na mkononi, chale zaidi ya mia moja, na kila kidonda kikasuguliwa chumvi ili alama isifutike. Lilikuwa pambo. Lakini aliyepambwa hakuwa Bakhita. Lilikuwa pambo la nyumba ya bibi yake, kama vile mtu atiavyo nakshi mlango wake.

Watawala weupe walipokuja, Wadachi kwanza na Waingereza baadaye, cheo na kivuli vilikuwa na rangi, na rangi hiyo haikuwa ya kwetu. Tangu hapo "lakini" likapata ofisi, likapata shule. Na likapata kanisa pia. Yatupasa kulisema hilo, kwa maana kama hatulisemi sisi, wengine watalisema, tena kwa haki. Wazee wetu walifundishwa katekisimu kwa picha. Katika picha hizo malaika walikuwa weupe, Watakatifu walikuwa weupe, na aliyekuwa mweusi alikuwa mmoja, mwenye pembe na mkia. Mtoto aliyeketi chini mbele ya picha hizo miaka minne, akijiandaa kwa ubatizo, alijifunza Amri Kumi za Mungu, na akajifunza na ya kumi na moja ambayo hakuna aliyeitamka. Bado tumezitundika baadhi ya picha hizo. Tunayo moja katika ofisi tunamoandika maneno haya, nasi hatukuitazama vema mpaka tuliporudi kutoka Tura.

Nchi yetu ilijaribu mara moja kuuvunja utumwa huu kwa amri. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilikusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku vilikuwa sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, na hata dawa za kung'arisha ngozi. Nia ilikuwa kulinda heshima ya taifa, na juu ya dawa zile hatuna la kubisha. Lakini nini kilitokea? Huko Kariakoo makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wasichana mabasini na njiani, yakawazomea na kuwachania nguo. Magazeti ya siku hizo yalijaa barua za wasomaji, na wako waliouliza swali la haki: mbona suti ya Kizungu aliyovaa mheshimiwa haivunji utamaduni, bali sketi ya karani wake yauvunja? Fimbo ya Karagwe ilikuwa imebadili mikono tu. Yule aliyeambiwa jana, "Jipake uwe mzuri," sasa aliambiwa, "Jifute uwe Mwafrika," na mara zote mbili aliyesema alikuwa mwingine.

Mashindano ya urembo nayo yalikuwa yamefanyika mwaka 1967, yakakatazwa mwaka uliofuata, yakarudi mwaka 1994. Ukurasa huu si rafiki wa mashindano hayo. Kumpanga binti jukwaani na kumpa alama ni kazi inayotukumbusha mno ule uzi wa Speke. Hata hivyo twakiri kwamba tulifurahi mwaka 2007, binti wa Kitanzania Flaviana Matata alipokwenda Mexico kwenye mashindano ya dunia hali amenyoa nywele zake zote, akafika katika kumi bora. Watu wa mbali walistaajabu. Kwetu hapakuwa na ajabu: ni kichwa kile kile cha mamilioni ya watoto wetu wa kike wa shule, walioambiwa na mwalimu kwamba ni usafi, na kuambiwa na mtaa kwamba watapendeza siku watakapoziachia nywele. Alikwenda na kichwa alichozoea kukiona nyumbani, akasimama hivyo, akaonekana.

Turudi kwenye mkorogo, maana jambo hili lina sumu ndani yake, na hatusemi kwa mfano. Jina lenyewe lasema: hukorogwa. Muuzaji huchanganya mafuta ya aina hii na aina ile, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui alichokoroga. Katika dawa hizo imekutwa zebaki, ambayo huingia mwilini kwa njia ya ngozi, ikaharibu figo, na kwa mama mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Imekutwa haidrokwinoni. Zimekutwa dawa kali ambazo daktari huzitoa kwa kipimo na kwa siku chache, na ambazo zikipakwa mfululizo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Serikali yetu imekwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeyataka mataifa yaondoe sokoni vipodozi vyenye zebaki. Pamoja na hayo yote, chupa ile isiyo na jina ilimfikia binti wa Tura, na bei yake haikumshinda. Hatuwezi kuilaumu Serikali peke yake. Hakuna askari awezaye kusimama kati ya mtu na kioo chake.

Twajiuliza basi sisi tunaopanda mimbarini. Ni mara ngapi tumehubiri juu ya urefu wa gauni la msichana? Mara nyingi, ni mahubiri mepesi, na wazee huitikia kwa vichwa. Ni mara ngapi tumewaambia vijana wa kiume kwamba kijana akimtafuta mchumba na kutaja rangi kwanza, kama mnunuzi wa ndama mnadani, ameitukana kazi ya Mungu? Mwandishi wa maneno haya, akihesabu miaka yake ya upadre, hawezi kukumbuka hata mara moja. Nabii Samweli naye alipotumwa nyumbani kwa Yese alikaribia kumpaka mafuta yule mwana aliyekuwa mrefu na mwenye sura, mpaka Mungu akamzuia. Alikuwa nabii, akakosea kwa macho. Sisi tusio manabii twajiamini nini?

Nanyi mashangazi na mabibi, ambao hukaa uani na kuwasifu wari wetu, twawaomba jambo moja dogo, ambalo halitawagharimu hata senti. Mtumieni ile wau kama walivyoitumia wazee wa Kigiriki.

Tulimwomba yule binti aache kupaka, naye akakubali, ingawa ngozi haitii amri kwa siku mbili. Siku ya arusi uso wake ulikuwa na mabaka, kwa hiyo mashoga zake walimtia poda. Mchumba wake, kijana mpole afanyaye kazi ya kupasua mbao, hakuyaondoa macho kwake tangu mlangoni mwa kanisa mpaka altareni. Hatukuona kwamba alikuwa akitafuta kitu kilichopungua. Wageni wa Dar es Salaam walifika wamechelewa, wamechoka, wakala wali.

Wakati wa karamu tuliketishwa karibu na bibi. Mtoto mmoja alimletea kadi ya mwaliko aione, maana hakuwa ameletewa hata moja. Akaisogeza mpaka puani, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama sana. Kisha akatuuliza kwa sauti ya chini, ili asiwaaibishe wenye shughuli:

"Padre, huyu aliyesimama na mkwe wetu ni binti wa nani?"